Mjukuu wa Dobi Hafichwi

Duka lile ulilijua kwa pua kabla hujaliona kwa macho. Ukikunja kona penye fundi viatu, hujaziona bado shuka nyeupe zilizoanikwa mbele, harufu ilikuwa imeshakufikia: tamu, nzito kidogo, ya maua ambayo hayajapata kuota popote. Watu walipita maduka mawili ya kufulia nguo bila kugeuza shingo, wakaja kupeleka mashati yao kwa Bibi Povu.

Jina hilo alipewa na wateja. Kwanza kwa sababu ya sabuni, maana beseni lake likichemka povu lilipanda likaficha mikono yake hadi viwikoni. Pili kwa sababu ya ulimi wake, lakini hiyo hakuna aliyemwambia.

Siri ya harufu ilikuwa beseni la mwisho. Nguo ikishafuliwa na kusuuzwa mara ya kwanza na ya pili, ilichovywa katika maji ya uvuguvugu yaliyotiwa manukato mazito ya kulainishia nguo, ikakamuliwa, ikaenda kambani hivyo hivyo. Haikusuuzwa tena. Mtu akijisahau akaipitisha kwenye maji matupu baada ya hapo, Bibi Povu alishika kichwa.

"Umemwaga jina langu!" alikuwa akilia. "Maji matupu hata mvua inayo. Mteja analipia nini kwangu?"

Mke wa mwanawe aliingia nyumba ile akiwa hajui hata kukunja shati. Alijifunza. Alijifunza kuupiga pasi ukosi kutoka ncha kwenda katikati ili usifanye mkunjo, kuujua wanga kwa kuusugua baina ya vidole, kutambua kwa kugusa tu nguo ipi itachuja rangi. Alipozaa, watu wakaacha kumwita bibi harusi wakamwita Mama Kipusa, kwa jina la utani la binti yake, mtoto mwenye macho makubwa na maneno mengi kuliko meno. Mumewe, mpiga pasi wa mashuka, alikuwa mtu mpole kiasi kwamba ukimkanyaga angekuomba radhi kwa mguu wake kuwa pale.

Kipusa alikuwa na ngozi isiyotulia. Ilimwanza uchangani, mashavuni, kisha ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, na shingoni chini ya masikio. Mara ilikuwa kavu kama gamba la muhogo, mara nyekundu na majimaji. Na muda wote iliwasha. Alijikuna akila, akicheza, akisimulia. Alijikuna usingizini mpaka shuka lake likaonyesha madoadoa ya damu, na asubuhi mama yake akayatoa madoa hayo kwa maji baridi kama alivyofundishwa, akijiuliza jinsi anavyoweza kutoa damu kwenye kitambaa na asiweze kuizuia kutoka.

Kwa Bibi Povu swali halikuwa gumu. Yeye alikuwa ameishi maisha yake yote akishindana na uchafu, na aliujua kama mtu anavyomjua mke mwenza.

"Hiyo ni taka imejificha," alisema. "Ngozi ni nguo tu, mkwe. Nguo ikikataa kutakata unaifanyaje? Unaongeza sabuni, unaongeza maji moto, unasugua."

Basi wakasugua. Kipusa aliogeshwa asubuhi na jioni kwa maji yanayofuka mvuke, kwa dodoki na sabuni ya kipande ile ile ya kufulia makoti ya makanika. Na kwa kuwa mjukuu wa dobi hawezi kunukia chini ya wateja, nguo zake zilichovywa beseni la mwisho mara mbili. Mama Kipusa mwenyewe ndiye aliyekuwa akizichovya. Aliona fahari kabisa. Kadiri mtoto alivyozidi kuwashwa ndivyo walivyozidi kumtakasa.

Mtaani kila mtu alikuwa na dawa. Muuza mboga alisema ni damu chafu. Fundi viatu alisema ni wivu wa watu. Jirani mmoja alileta majani yaliyotwangwa, yakampandisha mtoto malengelenge mkono mzima, na siku ya pili jirani huyo huyo akaleta majani mengine ya kutibu yale ya kwanza. Hapo ndipo Mama Kipusa alipombeba mwanawe, asimuage mtu, akaenda kliniki ya watoto.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya vilio. Alimvua mtoto fulana, akamtazama viwiko, akamgeuza, akamtazama magoti. Kisha akainusa ile fulana.

"Nzuri," alisema. "Mnafulia nini?"

Mama Kipusa alifurahi kuulizwa jambo analolijua. Akaeleza yote: sabuni, maji moto, kusuuza, beseni la mwisho mara mbili. Akaeleza na dodoki. Daktari alisikiliza bila kumkatiza, na kila Mama Kipusa alipoongeza hatua ya usafi, nyusi za daktari zilipanda kidogo.

"Mama," alisema hatimaye, "katika wagonjwa wangu wote wa leo, hakuna mtoto safi kuliko huyu. Mmemtakasa mpaka ngozi imekosa pa kushika. Hii tunaiita pumu ya ngozi. Haitokani na uchafu, na haimwambukizi mtu. Ngozi yake inavuja unyevu, kama ukuta wenye nyufa. Manukato na sabuni vikipita kwenye zile nyufa, vinawasha. Akijikuna, nyufa zinapanuka. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

"Sasa sikiliza, maana dawa kubwa ya huyu iko nyumbani kwako. Maji ya uvuguvugu, aoge upesi, asisuguliwe na kitu chochote zaidi ya kiganja chako. Sabuni laini isiyo na harufu, na kidogo tu. Ukimtoa, usimfute kwa nguvu, mgusegusie taulo, na angali na unyevu mpake mafuta ya mgando yasiyotiwa manukato, mwili mzima, tena kwa wingi. Usimwonee choyo. Kisha mpake tena hata mara mbili tatu kwa siku. Krimu hii ninayokuandikia ni ya pale palipowaka tu, nyembamba, kwa siku nitakazokuambia, usiifanye ya urembo. Kucha ziwe fupi. Avae pamba, asikae kwenye joto likamtoa jasho. Na nguo zake..."

"Maji matupu," Mama Kipusa alimalizia, akijua ni nani atakayesikia neno hilo.

"Maji matupu, mpaka povu liishe kabisa. Na jambo moja, usije ukanitukana. Haiponi ikaenda zake kama mafua. Itatulia, itarudi, itatulia. Wengi huiacha wakikua. Ikirudi usiseme umeshindwa. Paka mafuta, rudi kwangu. Ukiona usaha, au homa, usingoje."

Njiani kurudi alinunua beseni. La bluu, dogo, lenye mpini mmoja. Bibi Povu alipoliona pale uani, akadhani limeletwa kwa ajili ya soksi.

"Ni la Kipusa," Mama Kipusa alisema. "Nguo zake nitazifua humu. Hazitaingia tena beseni la mwisho."

Bibi Povu aliacha kukamua.

"Unasemaje?"

"Daktari amesema manukato yanamwasha."

"Manukato yangu?" Bibi Povu alisimama, mikono ikimtiririka maji. "Mji mzima unavaa manukato yangu! Wanalala nayo, wanaoa nayo, wanazikwa nayo! Hakuna aliyewashwa. Leo mjukuu wangu mwenyewe ndiye aanikiwe nguo zisizonukia, watu wapite waseme kwa dobi hapafuliki?"

"Waseme, mama."

"Mkaidi hafaidi, mwanangu."

"Sitaki kufaidi. Nataka mtoto alale."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kumpinga mama mkwe tangu aingie nyumba ile. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jioni ile alimwogesha Kipusa mwenyewe, kwa kiganja. Dodoki akalichukua akasugulia sufuria.

Haikuwa ajabu ya siku moja. Mtoto aliyezoea kusuguliwa alilalamika kwamba hajaoga. Mafuta yalimganda akateleza kama samaki, akacheka, akamkumbatia baba yake na kumchafua shati. Aliposhikwa na wasiwasi wa kujikuna, mama yake alimpa kitambaa kilicholowa maji baridi akibonyeze pale panapowasha, au alimpa vibanio vya nguo avibane kwenye ukingo wa kikapu, vidole vipate kazi nyingine. Taratibu ule wekundu ukafifia. Madoa ya damu kwenye shuka yakapungua, yakaisha. Kipusa akaanza kulala mpaka jua linachomoza, akaamka na hasira za mtoto mzima wa afya.

Bibi Povu aliona. Alisema tu kwamba mtoto ananuka kama taa ya kibatari.

Kisha likaja joto. Siku zile pasi hazikupoa, chupa ya maji ya kunywa ilikuwa na joto la chai, na ngozi ya Kipusa ikawaka upya, viwikoni na shingoni, kana kwamba haijapata kusikia habari za daktari.

"Hah!" alisema Bibi Povu. "Liko wapi beseni la bluu sasa?"

"Liko hapo. Daktari alisema itarudi."

"Daktari mwerevu huyo. Akiponya, ni yeye. Asipoponya, alishasema."

Mama Kipusa alirudi kliniki, akaambiwa aendelee, akaendelea. Lakini safari hii Bibi Povu alikuwa na amri mpya, nayo haikuhusu sabuni. Wateja wameanza kuuliza, alisema. Wanamwona mtoto mwenye mabaka amekaa kizingitini mwa duka la nguo, nao wana akili zao. Mtoto akae ndani, chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na pipa la maji ya moto na marundo ya nguo chafu zinazongoja zamu. Hakikuwa na dirisha. Mtu mzima akikaa humo kidogo alitoka ameloa. Siku ya kwanza Kipusa alipofungiwa humo, mama yake akiwa amekwenda kupeleka mashati, alitoka amejikuna shingo mpaka imetoka mchirizi wa damu.

"Hatakaa humo tena," alisema Mama Kipusa, akimfuta kwa maji baridi. "Mbele pana upepo. Atakaa mbele."

"Basi akakae kwa shangazi yake mpaka apone," Bibi Povu alisema. "Shangazi yake ana nyumba kubwa, na hana wateja."

"Shangazi yake hajui kumwogesha."

"Kwani wewe ulizaliwa unajua?"

Mume wake alikuwa akipiga pasi shuka. Alikunja, akakunja tena, ikawa ndogo kama leso. Mama Kipusa alimtazama akingoja neno, kisha akageuka kumpaka mtoto mafuta. Mtu hujikuna ajipatapo, akajiambia. Kesho yake akaweka kigoda mbele ya duka, penye kivuli na upepo, akamkalisha mwanawe na kikapu chake cha vibanio.

Ndipo akaja msimamizi wa nyumba ya wageni.

Huyu ndiye mteja mkubwa kuliko wote. Mashuka yake yalikuja kwa mafurushi, na Bibi Povu alikuwa akimpokea kwa kumfutia kiti ambacho kilikuwa kimeshafutwa. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, anayehesabu foronya kwa macho tu. Alipofika, Bibi Povu alimwona kwa mbali akamwashiria mke wa mwanawe kwa kichwa: mtoto, ndani.

Mama Kipusa alikuwa kaunta, akikunja. Aliona ile ishara vizuri. Akaendelea kukunja.

"Karibu, karibu dada yangu," Bibi Povu alisema. "Tulikuwa tunakuongelea sasa hivi."

"Kwa wema, natumaini." Msimamizi akaanza kucheka, kisha macho yake yakashuka kwenye kigoda. Akavaa miwani. "Ee! Na huyu mtoto ana nini mikononi? Huo si upele? Ni wa nani?"

Bibi Povu hakumeza hata mate.

"Wa jirani huyo. Huwa anakuja kucheza."

Kipusa aliinua uso. Alikuwa na kibanio mkononi, mdomo wazi, akimtazama bibi yake kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

"Bibi," alisema, "ni mimi."

Mama Kipusa aliiweka foronya chini. Alizoea kunyamaza. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza, hata shuleni walimwita Kizibo. Lakini kitu kilimpanda kutoka miguuni, nacho hakikuwa cha kunyamaziwa. Akazunguka kaunta, akamwinua mwanawe, akamketisha juu ya kaunta yenyewe, baina ya furushi la mashuka na miwani ya msimamizi.

"Si wa jirani," alisema. "Ni binti yangu, na huyu ni bibi yake mzaa baba. Anaitwa Kipusa. Huu si upele, ni pumu ya ngozi, na haiambukizi." Akauchukua mkono wa mtoto, akaulaza penye mabaka juu ya shavu lake mwenyewe. "Nalala naye kila siku. Nioneshe yangu iko wapi."

"Mama, mimi sikusema kwa ubaya," msimamizi alisema, akirudi hatua moja. "Ila mimi nina wageni. Mashuka yangu siwezi kuyaacha mahali ambapo..."

"Mashuka yako yamelaliwa na watu usiowajua, na mimi ndiye ninayeyafungua. Nimekuta humo mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya mtoto. Sijapata kukuuliza ngozi ya mgeni wako hata mmoja."

Fundi viatu, aliyekuwa amesimama kizingitini akisikiliza kwa moyo wote, akapiga kofi moja la furaha, kisha akajifanya anaua nzi.

Msimamizi wa nyumba ya wageni alilichukua furushi lake. Alilikumbatia kifuani kama mtu aliyeokoa mali kwenye moto, akatoka. Hakuaga.

Bibi Povu alilitazama lile furushi mpaka likapotea konani. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Mama Kipusa alivyoizoea.

"Umenifukuzia mteja."

"Ndiyo, mama. Na akija mwingine kama yeye, nitamfukuza."

"Duka hili ni langu."

"Ni lako. Na huyu ni wako pia, ila umemkana mchana kweupe kwa ajili ya mashuka."

Bibi Povu aliingia ndani. Wakasikia kabati likifunguliwa. Alirudi na mfuko, ndani yake fulana na magauni ya Kipusa yaliyokunjwa kwa ustadi, maana hata akiwa na hasira mikono yake haikujua kukunja vibaya. Akaukabidhi kwa mwanawe.

"Mpeleke mtoto kwa dada yako. Sasa hivi. Na mkeo mwambie duka hili ni la nani."

Mpiga pasi aliushika mfuko. Aliutazama, akamtazama mwanawe juu ya kaunta, na wale waliokuwapo wanasema alisimama pale muda mrefu mpaka pasi ikaanza kuunguza shuka, akaiinua kwa mkono wa pili bila kuigeukia.

"Mama," alisema, "umesema ni wa jirani. Mtoto wa jirani mimi sina haki ya kumpeleka popote."

Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Mama Kipusa aliupokea mfuko kutoka mkononi mwake, akaufungua, akayatoa magauni moja moja, akayarudisha kabatini kwenye rafu ile ile. Bibi Povu alikaa kwenye kile kiti cha mteja. Machozi hayakumtoka, wala hakuomba radhi, na asingeomba hata siku ya kufa. Lakini mfuko ulibaki mtupu sakafuni, naye hakuuokota.

Miezi iliyofuata biashara ilipungua. Mafurushi ya nyumba ya wageni yalikwenda kwingine, na kuna waliopita duka lile sasa bila kugeuza shingo. Wengine wakabaki, na wachache wapya wakaja, wengi wao akina mama, wakiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli hapa mtu anaweza kufuliwa nguo za mtoto bila harufu. "Beseni la bluu," Mama Kipusa aliwajibu, kwa sauti ya juu. Ngozi ya Kipusa ilitulia, ikarudi, ikatulia. Kuna asubuhi aliamka laini kama kitambaa cha hariri, na kuna asubuhi shingo ilikuwa imewaka, mafuta yakapakwa, kucha zikakatwa, siku ikaendelea.

Na kila asubuhi, imewaka au imetulia, kigoda kilitoka kwanza kabla ya kamba za kuanikia. Siku moja mteja mgeni, kijana aliyevaa suti yenye mkunjo mbaya mgongoni, alisimama mbele ya mtoto akamkodolea macho, akauma midomo, akashindwa kuuliza.

Mama Kipusa alimwona kutoka kaunta.

"Mtazame vizuri, kaka," alisema. "Sogea karibu. Umemaliza? Haya, vua koti hilo ulilete, limejikunja mgongoni."